Mliowahi kwenda Engedi au Yeriko na kundi la kanisa, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu, naanza mimi. Tulienda Engedi, kule Israeli, watu 38, wengi wamama watu wazima. Kichwani mwangu nilijua ni kidimbwi na mitende mitatu basi, kumbe ni bonde limebanwa na majabali, kijito kinashuka kuelekea Bahari ya Chumvi. Basi limekata jangwa la Yudea kila kitu rangi ya vumbi, ghafla kijani hicho, mama mmoja akapiga kigelegele hata hatujashuka. Shida ratiba. Tulipewa saa moja na nusu, na kupanda mpaka maporomoko ya Daudi kwa mwendo wa wamama, ngazi za mawe, jua la Julai, we acha tu, Bahari ya Chumvi pale iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine so joto limetuama kama chunguni. Nusu ya kundi wakageuza njiani. Sauli aliingia huku na watu 3000 kumsaka Daudi, sisi 38 tu tumeshindwa kwenda pamoja. Mchungaji akafungua 1 Samweli 24, Sauli ndo kwanza kaingia pangoni kujisaidia, Daudi hajakata hata upindo wa vazi, mwongozaji anapiga makofi twendeni twendeni. Mpaka leo ile sura haijaisha.

---

Mkuu umenikumbusha mbali. Mi wa Mwanza. Mwongozaji wetu alisimamisha kundi zima, kidole mdomoni, eti wibari yule, wa Zaburi 104. Naangalia: pimbi! Pimbi hawahawa wa kisiwani Saanane, na nauli yote ile niliyolipa. Wenzangu wa Dar wanapiga picha kama wameona simba. Ila mbuzi mwitu nilinyoosha mikono, mapembe yamepinda mpaka mgongoni na kasimama kwenye ukuta wa jabali kama kagundishwa. Halafu msibebe misosi, ndani hairuhusiwi kula, chapati zetu zilibaki kwenye basi zikawa ngumu kama soli.

---

Sisi kutoka Nairobi tulipelekwa Yeriko, kwa chemchemi ya Elisha, ile alitia chumvi maji yakapona (2 Wafalme 2). Mamangu alikuwa amebeba chupa tano za soda tupu toka nyumbani, akazijaza zote, za majirani hizo, za maombi. Nikamwambia mum weka kwa sanduku kubwa, akasema hapana zitapasuka. Si tukafika airport wakamwambia maji hayapiti na begi ya mkono. Alisimama hapo kando ya laini akanywa chupa mbili nzima, tatu akaacha. Na ule mkuyu wa watalii wa Zakayo alikuwa ameutazama kidogo tu akasema, huu si ni mukuyu tu, tuko nao kwa shamba.

---

😂😂 Mama wa chupa mbili nampa heko. Nyongeza kwa wanaopanga: kuelea kwenye Bahari ya Chumvi msitegemee pale Engedi, ufukwe ulifungwa, ardhi inatitia mashimo kwa sababu maji yanapungua zaidi ya mita moja kwa mwaka. Makundi huwa yanapelekwa fukwe nyingine, Ein Bokek au Kalia. Na usinyoe ndevu asubuhi hiyo. Mimi nilinyoa.