Tupeane uzoefu: umepiga Windows mpya, mafaili na mafolda yamekufanyia vituko gani?

Mzee wa Steshenari
Wakuu, salaam. Nina steshenari ndogo, kompyuta mbili na printa moja. Muda wa Windows 10 ulipoisha Oktoba 14, 2025 nilijifanya sijasikia. Juzi nikampa fundi mashine ya kaunta aipige 11, akairudisha jioni inang'aa.

Asubuhi kaja mteja, anataka CV yake ya wiki iliyopita, abadilishe namba ya simu tu. Nafungua: desktopu nyeupe pe, kuna pipa la taka peke yake. Folda ya nyaraka, tupu. Miaka minne ya barua, mitihani ya shule na kadi za harusi, hakuna. Nikakaa kwenye stuli ya wateja. Nampigia fundi, anasema, "Mbona sikufomati, mzee wangu?"

Na kweli hakufomati. Mchana nikaingia diski C nikakuta folda inaitwa Windows.old. Ndani yake Users, ndani ya Users jina langu la zamani, na humo kila kitu, hadi ile CV. Ndipo nikaambiwa kwamba folda hiyo hujifuta yenyewe baada ya siku 10. Mimi nilikuwa siku ya pili! Haya, nyie yamewakuta yapi?

Nyamisi
Mimi hiyo Windows.old nimekuja kuisikia siku ya kumi na saba. Sina la kuongeza.

mwl_wa_zamu
Pole sana dada Nyamisi. Mimi yangu yalikuwepo, ila hayafunguki. Wakati wa kuweka Windows niliulizwa kuhusu OneDrive, ile stoo ya mafaili ya Microsoft mtandaoni, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, twende. Kumbe desktopu yangu imehamia ndani ya folda ya OneDrive na mafaili yamepandishwa mtandaoni. Nikayaona yote kwa majina, kila moja na kawingu ka bluu pembeni, nikatulia.

Nimefika kituo changu cha kazi, bando limekata, mtandao wenyewe unapatikana chini ya mwembe. Nabofya mtihani wa kidato cha pili, haufunguki. Jina lipo, mwili uko mbinguni! Nikawaandikia wanafunzi ubaoni maswali arobaini kwa chaki.

Dawa yake: ukiwa na intaneti, bofya kulia kwenye folda, chagua ibaki kwenye kompyuta daima, usubiri alama igeuke tiki ya kijani. Na msije mkafuta ya kwenye OneDrive mkidhani ni nakala. Ni hilo hilo faili moja, ukilifuta huku na kule limeondoka.

Fundi wa Eldoret
Huku saiba kesi kubwa ni folda kukataa mwenyewe. Mtu ametoa diski kwa mashine ya zamani, ameifunga kwa mpya, akibonyeza anaambiwa hana ruhusa. Anateta, "Lakini akaunti ni jina lile lile!" Jina halisaidii, ndugu yangu. Kila akaunti ina namba yake ndefu ya ndani, na folda inamjua mwenyewe kwa hiyo namba. Umepiga Windows upya, umepata namba mpya, hata ukijiita vile vile wewe ni mgeni. Ingia sifa za folda, sehemu ya usalama, ubadilishe mmiliki awe wewe wa sasa. Folda ikiwa kubwa, subiri, usizime katikati.

Halafu kale kamraba ka "Read-only" (kusoma tu) kwa sifa za folda, tafadhali. Wateja huja wakihema, wamekatoa mara kumi na kanarudi. Kwa folda kenyewe hakafungi kitu. Wacheni hivyo.

Kobe Mtaratibu
Mmenikumbusha nilipotoka Windows XP kwenda 7. Nabofya "Documents and Settings", nanyimwa ruhusa, nikaamini nimeingiliwa na virusi. Kumbe tangu Windows Vista folda hiyo ni mlango uliochorwa ukutani, umeachwa kwa ajili ya programu za kizamani. Nyumba yenyewe imehamia Users. Nilishampa jamaa elfu kumi aniondolee virusi. Alizipokea.

Penguini
Sisi tulioweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, pembeni ya Windows: ghafla diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki? Windows haikuzimwa, imelala. Tangu Windows 8 ina uwashaji wa haraka ("Fast startup"): ukiizima, inalala nusu ili iamke upesi. Kauzimeni kwenye mipangilio ya umeme, kisha muizime mashine upya.

Mzee wa Steshenari
Nyamisi mwanangu, pole, nimeumia. Mrejesho: CV ilichapwa, mteja aliondoka nayo saa nane mchana, kanilipa mia tano. Leo fundi kaja kwa mashine ya pili. Nimemwambia akae kwanza, nanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Anauliza, "Mzee, huniamini?" Nimemchemshia chai. Imebaki GB 23.