Baba ana CAG 42, mwana 48: hizo sita zimeongezekea wapi?

Tudor_maabara
Asalaam aleikum wanabaraza. Tunaandaa mafunzo hapa Mombasa kwa matabibu na watu wa maabara, na kuna mifano miwili nataka ikae sawa kabla haijafundishwa.

Wa kwanza: baba alianza kuchezwa na viungo akiwa na miaka 53, mwanawe akaanza na 34. Kipimo cha jeni ya HTT, ile ya ugonjwa wa Huntington, chasema baba ana CAG 42, yaani herufi hizo tatu za DNA zimejirudia mfululizo mara 42, na mwana 48. Huku Pwani watu wakisikia "ugonjwa wa ukoo" hulaumu ndoa ya mabinamu. Ndiyo sababu? Na hizo sita zimetoka wapi?

Wa pili: mgonjwa Mgiriama, dalili ni zile zile na mamake aliugua vivyo hivyo, lakini jibu la HTT limerudi 17 na 17, moja kwa kila nakala ya jeni. Aambiwe hana ugonjwa?

Bi_Kuze
Waaleikum salaam. Mabinamu hawahusiki hapa. Huntington inatosha kurithiwa kwa mzazi mmoja tu, na kila mtoto ana nusu kwa nusu, wazazi wawe damu moja au la. Ndoa ya ukoo ina uzito kwenye ataksia ya Friedreich, ugonjwa mwingine wa kurithi unaomfanya mtu apepesuke, ambako marudio ni ya GAA kwenye kromosomu ya 9 na lazima nakala zote mbili ziwe zimerefuka. Kwa Waafrika weusi ni nadra sana, ila Mombasa tuna koo zenye asili ya Uarabuni na Bara Hindi, kwa hivyo mtoto anayepepesuka na wazaziwe ni mabinamu, ni vyema kuifikiria.

Sasa hizo sita. Mtazame mama anayesuka ukili. Akisuka miyaa mieupe mitupu, akikengeushwa kidogo tu hajui tena amefika wapi, maana kila pahali pafanana. Akitia mwaa wa rangi kila baada ya hatua kadhaa, haupotezi mkono. DNA ni hivyo hivyo. Nyuzi zake mbili zikifunguka kisha zikashikana tena, penye CAG mfululizo huweza kushikana pasipo pake, na herufi zilizosalia hujikunja kitanzi pembeni. Protini za kurekebisha makosa, MSH2 na MSH3, hukiona kitanzi na kuita mafundi. Ubaya ni kwamba mara nyingi kinachokatwa ni uzi wa pili, ule usio na kosa. Pengo huzibwa kwa kukifuata kitanzi, na urefu umeongezeka. Kimeng'enya FAN1 hulizuia jambo hili, na ndiyo maana wenye FAN1 dhaifu huanza kuugua mapema.

Haya hutokea zaidi kwenye mbegu za kiume, kwa hiyo katika Huntington mruko mkubwa wa namba huwa umepitia kwa baba. Na hutokea hata kwenye seli za ubongo ambazo hazigawanyiki tena, mwaka baada ya mwaka. Namba ya kwenye karatasi ni ya damu. Ndani ya ubongo wa mtu huyo huyo marudio huwa yamesonga mbele zaidi.

Changamwe_PCR
Bi Kuze amesema kweli, na ule mwaa wa rangi upo hasa. Mwisho wa mfululizo wa CAG kwenye HTT kwa kawaida kuna CAA moja, kisha CAG moja. Kuna watu wachache ambao CAA hiyo imegeuka CAG. Kipimo hupima urefu tu, hakisomi herufi, kwa hiyo chaandika 42 ilhali mfululizo usiokatika ni 44, na mtu huugua mapema kuliko namba yake. Dalili zikiwahi kupita kiasi, omba usomaji wa herufi zenyewe.

Kuhusu kipimo, damu mililita 3 hadi 5 itiwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kijani ina heparini, nayo huzuia PCR, ile njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kipimike. Isigandishwe kwa baridi, iwekwe kwenye nyuzi 4, na ikisafirishwa chupa isigusane na barafu.

Hesabu ni nyepesi. Ikiwa praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi) zimefunga herufi 80 nje ya marudio na kilele kwenye mchoro wa mashine kimetokea kwenye urefu wa herufi 206, basi 206 toa 80 ni 126, gawa kwa 3, una 42. Lakini vipande vyenye CAG nyingi hukimbia ndani ya kapilari, mrija mwembamba wa mashine, kuliko kipimio cha urefu, hivyo bila sampuli mbili tatu zenye idadi inayojulikana utahesabu pungufu. Tena usitumie praima za zamani zinazobeba ndani yake CCG zilizo jirani. Wengine wana CCG 7, wengine 10. Tofauti ni herufi 9, yaani CAG tatu za uongo. Mtu wa 37 akaandikwa 40! Hadi 26 ni kawaida. 27 hadi 35 mwenyewe haugui ila zaweza kuongezeka kwa mtoto. 36 hadi 39 huenda akaugua, huenda asiugue. 40 kwenda juu ataugua akiishi umri wa kutosha. Kosa la CAG tatu hapo ni kumbadilishia mtu maisha.

Nije kwenye 17 na 17. Kilele kimoja kina maana mbili: ama nakala zote mbili kweli ni 17, ama moja ni 17 na ya pili haikuonekana, kwa kuwa ni ndefu mno PCR imeshindwa kuivuka au praima haikushika. Rudia kwa PCR ya praima tatu: moja yenye rangi nje ya marudio, ya pili inashika popote ndani ya CAG na ina mkia wa herufi za ziada, ya tatu inautambua mkia. Ile ya ndani iwe kidogo, sehemu 1 kwa 10 ya ile ya mkia, la sivyo vipande vyote vitakuwa vifupi. Nakala ndefu ikiwepo utaona ngazi ya vilele kila herufi 3, ikishuka taratibu kupita eneo la kawaida. Isipokuwepo, ngazi hukatika mapema.

Dkt_Makupa
Na ngazi ikikatika mapema, msifunge faili. Kuna ugonjwa unaofanana na Huntington kiasi kwamba kwa macho hutofautishi, unaitwa HDL2, uliotambuliwa mwaka 2001. Jeni ni JPH3, kromosomu ya 16, marudio ya CTG: hadi 28 ni kawaida, 40 kwenda juu ni ugonjwa. Karibu wagonjwa wote wanaojulikana wana asili ya Kiafrika. Maabara nyingi za ng'ambo hazikipimi kipimo hicho usipokiandika kwenye fomu, kwa sababu wagonjwa wao wengi si sisi. Kwa huyo Mgiriama aliyerithi kwa mamake, ningeandika HTT na JPH3 pamoja tangu siku ya kwanza, nikaokoa damu, pesa na miezi.

Tudor_maabara
Shukran sana. Na ndugu zake wadogo wasio na dalili, wapimwe pamoja naye?

Dkt_Makupa
La. Mtu mzima apimwe akitaka mwenyewe, baada ya kuzungumza naye kwa utulivu zaidi ya mara moja, na jibu apewe ana kwa ana. Aliye chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi, hata babu akishikilia.