Kichujio cha chati kinafuta jumbe safi kwenye laivu ya mpira, kinarekebishwaje?

kona_ya_uchambuzi:
Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Chaneli yetu inachambua mechi mubashara YouTube, na siku ya Simba na Yanga chati haishikiki. Tumeweka bot (programu inayochunga chati yenyewe), tukaorodhesha matusi, kila neno lina nyota mbele na nyuma ili lisipite kwa namna yoyote. Matokeo yake: "huyu atakosa penalti" inafutwa. "Twende tukawamalize" inabaki, lakini "kumaliza mechi" inafutwa. "Kadi nyekundu" inafutwa! Na Wekundu wa Msimbazi, yaani Simba, ndio usiseme. Matusi yenyewe yakiandikwa kwa x na namba yanapita tu. Halafu utani wa "utopolo" (wanavyoitwa Yanga) na "makolo" (wanavyoitwa Simba), tuufungie au tuuache?

fundi_chujio:
Mkuu, zitoe hizo nyota. Nyota maana yake "herufi zozote hapa", na Kiswahili chetu ni cha kubandika viambishi, kwa hiyo tusi hujikuta katikati ya neno safi. Angalia "atakosa": a-tako-sa. Na "itakoma", "watakosea" hivyohivyo. "Kumaliza" na "kumaanisha" zote zinabeba lile tusi zito la herufi nne. "Nyekundu" na "wekundu" zinaishia na silabi za tusi jingine.

Kama bot yenu ni Nightbot, sehemu ya maneno yaliyozuiwa inakubali regex, yaani fomula ya kutafuta mpangilio fulani wa herufi. Unaanza na ~/ na kumalizia na /i, hiyo i ikimaanisha herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Nachukua mfano mwepesi, "mshenzi":

`~/(^|[^a-z])(m|wa|u|ki)?[sx]h?enzi+([^a-z]|$)/i`

Mabano ya kwanza yanadai neno lianzie mwanzo wa ujumbe au baada ya kitu kisicho herufi. Yanayofuata ni viambishi vya ngeli, kwa hiyo mstari mmoja unashika mshenzi, washenzi, ushenzi na kishenzi. [sx] inashika "mxhenzi", h? inashika "mxenzi", na i+ inashika "mshenziiii". Mabano ya mwisho yanadai neno liishe hapo.

Wengi watakushauri utumie \b kama mpaka wa neno. Inafanya kazi, ila \b huhesabu tarakimu na mstari wa chini kuwa sehemu ya neno, hivyo "mshenzi2" na "m_shenzi" vinapenya. Ndiyo maana naipendelea [^a-z].

Kwa tusi lenye silabi "tu", andika (tu|2), maana watu wanaandika wa2, ki2, m2. Lakini usijaribu kuzuia ufupisho wenyewe! "Xaxa", "cjui", "2po pamoja" ndiyo lugha ya chati. Ukiifuta unawafukuza wale vijana wanaoichangamsha.

Kabla ya kuhifadhi, bandika kila mstari kwenye regex101 (tovuti ya kujaribia regex) pamoja na sentensi safi: atakosa, kumaliza, kadi nyekundu. Ukiona moja imeshikwa, bado.

Orodha ya YouTube Studio yenyewe haielewi regex. Kule weka maneno kamili tu.

shabiki_wa_pwani:
Naongezea kuhusu utani. Utopolo na makolo viacheni. Simba na Yanga ni utani wa jadi. Ukiufuta umeua laivu. Mpaka ni pale mtu anapoacha timu na kumgeukia mtu: mama yake, sura yake, dini yake, kabila lake. Hapo moda (msimamizi wa chati) afute ujumbe kwanza, mtu akirudia apewe taimauti (azuiwe kuandika kwa muda), akiendelea afichwe. Kumbukeni kumficha mtu YouTube kunagusa chaneli nzima, mpaka maoni chini ya video, na yeye haarifiwi. Kwa hiyo lisiwe jambo la hasira ya dakika 90.

Na "shoga" isiwekwe kwenye bot. Wapo wanaolitupa kama tusi, ila Unguja, Tanga na Mombasa wanawake wanaitana hivyo kwa upendo: "shoga yangu umeona bao lile?" Neno kama hilo linahitaji jicho la mtu.

moda_nairobi:
Kwa chati yenye Wakenya, tazameni pia orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na NCIC, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano wa kitaifa, mwaka 2022. Imo "madoadoa" (likitumiwa kwa watu wa kabila jingine), imo "kihii" (Kikuyu: mvulana asiyetahiriwa). "Madoadoa" ni neno la kawaida kabisa kwa mtu anayeeleza jezi au ng'ombe, kwa hivyo bot isiliguse. Moda alisome na sentensi yake. Matusi ya Sheng nayo hubadilika haraka sana, wekeni moda mmoja anayeiongea kila siku.

kona_ya_uchambuzi:
Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Swali la mwisho: bao likiingia watu 200 wanaandika "GOOOOOOOL" kwa pamoja, bot inawapa taimauti kwa herufi kubwa na kurudia herufi.

fundi_chujio:
Vichujio vya herufi kubwa, marudio na emoji vizimeni kwenye laivu za mpira. Achia kile cha viungo (linki) tu, pamoja na ile orodha ya matusi. Mgeni akitaka kuweka kiungo halali, moda anaandika `!permit` na jina lake. Kasi ya chati ipunguzeni kwa modi ya polepole ya YouTube: sekunde 5 zinatosha, maana ukifika 30 mtu hawezi tena kumjibu mwenzake.

Halafu angalieni ucheleweshaji wa laivu (latency) kwenye mipangilio ya YouTube. Ukiacha ule wa kawaida, mwenye redio anaandika bao wakati wengine bado wanaona kona inapigwa, na nusu ya ugomvi inaanzia hapo. Chagueni ule mdogo, ambao kwa watazamaji wengi hauzidi sekunde 10. Ule mdogo kabisa msiutumie: mwenye bando la mtandao dhaifu picha yake itakuwa inakwamakwama.