Kuni za bure na chensoo: tupeane uzoefu, hasa pale mambo yanapoharibika

Mchanja Magogo
Salaam wakuu. Upepo ukishapita hivi, miti inalala kila upande na wenye viwanja wenyewe wanaita watu waje wabebe. Hapo ndipo chensoo, yaani misumeno ya mnyororo, zinatolewa stoo zikiwa zimekaa miezi na mafuta yale yale tumboni. Kila anayeijua kazi aweke anachokijua, na aweke kwa vipimo, maana neno "kiasi" ndilo linaloua mashine.

Naanza na mafuta. Chensoo nyingi za sasa zinataka petroli 50 kwa oili 1 ya tu-stroki (ile inayochanganywa na petroli), yaani mililita 100 kwenye lita 5. Za zamani zipo zinazotaka 25 kwa 1, hizo ni mililita 40 kwa kila lita. Soma kitabu cha mashine yako, usifuate cha jirani. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na silinda inakwisha kazi mapema mno. Ikizidi, plagi inajaa masizi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiuweke. Petroli yenye ethanoli inavuta unyevu wa hewani na kabureta ndiyo inayoumia. Dalili yake: mashine inawaka vizuri, ukibonyeza eksileta inazima.

Na kabla ya mafuta, ruhusa. Mti ulioanguka bado una mwenyewe, awe jirani au msitu wa serikali.

Tupa ya Duara
Hapo kwenye stoo umenigusa. Wengi wanapeleka mashine kwa fundi wakidai injini haina nguvu, kumbe meno yamelala. Mnyororo mkali unatoa vipande, kama maganda membamba. Butu unatoa unga. Ukiona unga, au ukiona umeanza kuuegemea msumeno ili ushuke, simamisha hapo hapo.

Kunoa: bana bapa, lile bamba refu ambalo mnyororo unazunguka juu yake, kwenye jiliwa, au chana mfereji juu ya kisiki ulichomeke humo. Tupa ifuate hatua ya mnyororo (umbali wa wastani kati ya ripiti zake, kwa inchi): 3/8 ndogo inataka tupa ya milimita 4.0, .325 inataka 4.8, 3/8 kubwa inataka 5.2 au 5.5 kulingana na mnyororo wenyewe. Pembe mara nyingi ni digrii 30, na meno mengi yana mstari juu yake wa kukuongoza. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kurudi unanyanyua tupa. Sehemu moja ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Tafuta jino lililo fupi kuliko yote, linoe kwanza, kisha mengine yote yafuate urefu wake. Meno ya upande mmoja yakibaki marefu, msumeno unakata kwa kupinda na gogo linatoka na uso kama bakuli.

Watu wanasahau kile kinundu kilicho mbele ya jino. Ndicho kinachoamua jino lime kina gani. Kwa kawaida kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, weka kipimo chake, kinachochungulia juu piga na tupa bapa. Usishushe kwa macho. Kikishuka sana mnyororo unang'ang'ania mti na kuruka.

Gome Kavu
Unga ni butu. Hilo lingepigwa chapa kwenye kila mashine.

Kabari
Naongezea kinachofanya meno yalale: udongo. Mnyororo ukigusa ardhi sekunde moja, kazi yote ya tupa imekwenda. Kwa gogo lililolala chini, kata kila mahali unapotaka kipande lakini ishia robo tatu ya unene. Ukimaliza gogo zima, ligeuze kwa mtaimbo au ndoano ya magogo, umalizie robo iliyobaki kutoka upande wa pili. Gogo linageuzwa mara moja, si mara kumi, na mnyororo hauonji mchanga. Gogo lililoburutwa lina mchanga ndani ya gome, basi pigapiga hilo gome kwa shoka mahali utakapopita.

Stoo Kuu
Kwenye tangi la oili ya mnyororo wekeni oili chafu ya gari. Ni bure kama kuni zenyewe.

Tupa ya Duara
Hapana, mkuu, hilo silikubali. Oili iliyotumika ina chembechembe za chuma, inakwenda kusaga pampu na mfereji wa bapa. Isitoshe ni nyepesi, mnyororo unaitupa yote ukifika kwenye ncha. Na inarushwa wapi? Usoni kwako, kwenye kuni, na kwenye udongo. Oili hiyo ina kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi.

Stoo Kuu
Mbona mashine zinazotumia hiyo bado zinakata?

Tupa ya Duara
Zinakata mpaka bapa linapoiva likawa la bluu. Pima hivi: elekeza ncha ya bapa kwenye gogo jeupe, usiguse, zungusha mnyororo kwa kasi. Mstari wa oili usipojichora ndani ya sekunde chache, hakuna ulainisho. Mashine nyingi zinamaliza tangi la oili karibu sambamba na tangi la mafuta. Ukijaza mafuta na oili haijapungua, kuna tundu limeziba.

Mama Tita
Oili ya kupikia inafaa kwa siku ya kazi, haina sumu. Ila usiiache mashine imelala nayo wiki nyingi, inaganda kama gundi.

Kabari
Narudi kwenye kubanwa, maana msumeno uliokwama ndio unaowatia watu wazimu wakaanza kuvuta kwa nguvu.

Gogo lililolala juu ya vitu viwili, katikati hewani: juu limebanwa, chini limevutika. Anza juu, theluthi moja, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Gogo lililoshikwa upande mmoja tu na upande mwingine unaning'inia: geuza. Theluthi kutoka chini kwanza, kisha juu. Ukikosea mpangilio, mpasuo unafunga na bapa limo ndani. Kwenye gogo nene, mpasuo ukishapita bapa lenyewe, pigilia kabari ya plastiki nyuma yake. Isiwe ya chuma, mnyororo ukiigusa meno yanakatika.

Umeshakwama? Zima mashine kwanza. Pandisha gogo kwa mtaimbo upande ambao mpasuo utafunguka. Likikataa, fungua nati za pembeni, toa injini, acha bapa na mnyororo ndani, halafu ukomboe kwa shoka.

Gogo Bichi
Ndiyo maana mti ulioanguka na mizizi yake ni rahisi, uko chini tayari. Unaanza kileleni unarudi taratibu.

Mzizi Mkuu
Ndugu yangu Gogo Bichi, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nisomeni mpaka mwisho.

Chukua mti wa shina la sentimita 50 ulioangushwa na upepo. Mizizi imeng'oka kama sahani, imesimama wima kupita kimo cha mtu, imebeba udongo na mawe. Nyuma yake kuna shimo. Sahani ile inataka kurudi shimoni, na kinachoizuia ni uzito wa shina na matawi yaliyolala mbele. Ni mizani, upande mmoja udongo, upande wa pili mti.

Sasa mkataji anaanza kileleni. Anaondoa matawi, anakata vipande vya sentimita 40, anarudi taratibu. Kila kipande kinachodondoka kinaondoa uzito upande mmoja wa mizani, na upande wa pili haupungui hata kilo. Hakuna dalili yoyote, hakuna mlio, gogo limetulia kama jiwe. Anafika mita 2 kutoka kwenye mizizi. Anaweka msumeno. Nyuzi za mwisho hazijakatika zote, kisiki kinanyanyuka. Kinapanda kama mtego uliofyatuka, shina lililobaki linapita pale pale kifua kilipokuwa, sahani inajibamiza shimoni na ardhi inatetemeka miguuni. Kwa mbali mti umesimama tena, kama haukuwahi kuanguka. Mtu akiwa nyuma ya sahani, labda alikwenda kujikinga jua, au mtoto aliingia shimoni kucheza, hakuna muda wa kumwita.

Na wakati mwingine inafanya kinyume, inaangukia mbele, juu ya miguu ya mkataji, hasa kwenye mteremko au kisiki kikiachwa kifupi mno.

Basi: kwanza, zunguka uone shimo na uhakikishe hakuna kiumbe nyuma. Pili, funga sahani kwa waya wa wichi (mashine ya kuvutia kwa waya) kwenye mti mzima ulio imara. Tatu, kata ya kutenganisha shina na mizizi ifanywe mapema, wakati umeshajipanga kwamba kisiki kitaruka, isiachwe iwe ya mwisho ya kukushtukiza. Acha kisiki kirefu. Simama ubavuni, kamwe usitanue miguu juu ya shina, na njia ya kurudi nyuma iwe imefyekwa kabla hujawasha.

Gome Kavu
Mwili umenisisimka.

Mama Tita
Watoto na mashimo ya mizizi! Hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Miti ikianguka ndipo wanapokimbilia.

Stoo Kuu
Asiye na wichi afanyeje? Aegemeze nguzo nyuma ya sahani?

Mzizi Mkuu
Nguzo inaegemezwa na mtu, na mtu huyo anasimama wapi? Nyuma ya sahani. Asiye na wichi achukue matawi yanayojitegemea, shina aliache.

Kabari
Mimi hata matawi naona yachunguzwe. Yaliyo chini ya mti yanaweza kuwa ndiyo miguu inayoushikilia, na kijiti chembamba kilichopindwa na shina ni upinde uliovutwa. Usikikate kwa pigo moja mgongoni. Kinyoe kidogo kidogo upande wa ndani wa mpindo mpaka kichoke chenyewe.

Gogo Bichi
Nimeelewa, Mzizi Mkuu, na ninaifuta kauli yangu. Naomba kuuliza, rundo la vijiti vya unene wa mkono unalikataje? Kimoja kimoja kinamaliza siku.

Injini Baridi
Tumia kigingi cha msalaba, yaani viguzo vilivyopishana kama X. Vijiti jaza ndani, funga mkanda sehemu mbili, kata tita zima kwa mpigo. Usiingize ncha ya bapa kwenye rundo lisilofungwa. Robo ya juu ya ncha ikigusa kijiti kilichojificha, msumeno unaruka nyuma kuelekea uso kwa kasi kuliko jicho linavyopepesa. Ndiyo sababu kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio, na mwili usimame kando ya mstari wa mnyororo. Suruali ya kinga nayo ina nyuzi ndefu ndani, zinafumuka na kujisokota kwenye gia mpaka mnyororo usimame. Ikishachanwa imekwisha, haishonwi.

Anayenunua mnyororo mpya aende na tarakimu tatu: hatua, unene wa vijino vinavyoingia kwenye mfereji (1.1, 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya vijino hivyo. Ukienda na urefu wa bapa peke yake utarudi na mnyororo usioingia.

Mama Tita
Sasa nizungumzie kuni zenyewe, maana mnakata tu, hamsemi nini kisikatwe. Mnyaa acheni. Maziwa yake yakirushwa na mnyororo yakaingia machoni, mtu anaweza kushindwa kuona kwa siku kadhaa. Mwoleanda usichomwe, moshi wake ni sumu. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye ukijani, nyingi zina aseniki, na aseniki hiyo inabaki kwenye majivu. Chaga za mizigo (paleti) tazama muhuri: HT zimetibiwa kwa joto tu, MB kwa gesi ya sumu, hizo ziache.

Miti ya karibu na nyumba na uzio ina misumari. Ukiona doa jeusi la bluu kwenye uso wa mkato, chuma kipo jirani.

Na msisafirishe kuni mbali. Huko Marekani kuna mdudu wa kijani anayekula miti iitwayo ash, aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na kuni zilizobebwa kwenye magari zilimsaidia kuvuka majimbo.

Stoo Kuu
Kupasua je? Nasema ziachwe zikauke kwanza, mti mkavu unapasuka vizuri.

Kabari
Miti mingi ni kinyume, mbichi ndiyo inapasuka, na ikipasuliwa ndipo inakauka. Gome ni kama koti la mvua, maji yanatokea vichwani tu. Gogo zima linaweza kuoza likiwa bado linasubiri kukauka.

Stoo Kuu
Yenye nyuzi zilizosokotana haipasuki hata ikiwa mbichi.

Kabari
Hiyo kweli. Usianzie katikati, chukua vipande vya pembeni kuzunguka, kama unamenya.

Mama Tita
Kipimo ni unyevu chini ya asilimia 20. Miti laini miezi 6 ikiwa imepasuliwa na kupangwa juu ya vijiti, migumu mwaka hadi miwili. Funika juu tu, ubavuni upepo upite. Ukipima kwa kifaa, pasua kipande upya na upime uso wa ndani.

Gogo Bichi
Na gari linabeba ngapi?

Injini Baridi
Mti mbichi chukulia tani moja kwa mita ya ujazo. Kipande kimoja cha kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 40 kinafika kilo 50. Vipande 20 ni tani, na kwa macho gari litaonekana halijajaa.

Jambo jingine kwa wenye chensoo za betri: toa betri kabla ya kugusa mnyororo, kwa sababu hakuna mlio wa kukuambia kwamba imewashwa. Na kwa wote, mnyororo uliokazwa ukiwa wa moto ulegezwe kabla ya kuhifadhi. Ukipoa unajivuta, unakaza shafti ya injini usiku kucha.