Kasi ya bunduki ya rangi inapanda na kushuka: nianzie wapi?

Swali
Wakuu, salamu. Ninatumia Tippmann 98, bunduki ya mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi (paintball), yenye mtungi wa kaboni dioksaidi, hapa Toronto, na uwanja wetu hauruhusu kasi inayozidi futi 280 kwa sekunde. Nikipiga polepole, kipima kasi kinaonyesha 275 hivi. Nikifyatua mfululizo inashuka hadi 240, na nikipumzika, risasi ya kwanza inafika 290. Nimezungusha skrubu ya kasi bila mafanikio. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, skrubu iache kwanza. Kazi yake ni kupandisha au kushusha kasi yote kwa pamoja; tofauti kati ya risasi na risasi haiwezi kuipunguza. Dalili zako ni za gesi. Kaboni dioksaidi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na shinikizo lake hufuata joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni takriban bar 57, ilhali kwenye nyuzi 0 ni bar 35 tu. Unapofyatua mfululizo, kimiminika hugeuka mvuke kwa kasi, mtungi unapoa na shinikizo linaanguka. Ukipumzika, joto linarudi pamoja na nguvu. Hamia hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu regyuleta (kidhibiti shinikizo) ya mtungi wake hutoa shinikizo karibu lile lile mpaka hewa ikaribie kwisha.

Jibu la pili
Naafiki, ila usisahau mtutu. Ufungue, tia risasi moja (kidonge cha rangi) upande wa nyuma, kisha uuinamishe: risasi ikidondoka yenyewe, mtutu ni mpana mno na gesi inapita pembeni, inayofaa hukaa, na hutoka ukiipuliza kwa mdomo. Jaribu risasi kadhaa za pakiti ile ile, maana ganda la jelatini huvimba kwa unyevu na hazibaki sawa. Vilevile tia matone machache ya mafuta ya bunduki hizi kwenye tundu la kuingizia gesi, wala si ya kupuliza yenye petroli, ambayo huharibu oringi, yaani pete za mpira za kuzuia gesi isivuje.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, mtungi wa hewa utahitaji kiungio kingine?

Jibu la kwanza
Hapana, nyuzi za kufungia mtungi ni zile zile. Ukishaufunga, vaa barakoa, piga risasi kumi kwenye kipima kasi, na uzitazame zote badala ya iliyo kubwa peke yake. Zikikaribiana, hapo ndipo uguse skrubu: kuizungusha kuelekea kulia hupunguza kasi. Lenga 270, ili hata risasi yenye nguvu kuliko zote isivuke 280.