MREJESHO: Kuhamia toleo la 2024 la Dungeons & Dragons

Wakuu, niliuliza kama kundi letu la watu watano hapa Soweto, Mbeya, tunaocheza mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, liache kanuni za toleo la 2014 kampeni (hadithi ndefu tunayoicheza) ikiwa katikati. Tumehama, ila si kwa raha ya wote.

Anayelalamika zaidi ni mwenye paladini, yaani shujaa mtakatifu wa vita. Pigo lake takatifu sasa ni uchawi unaokula kitendo cha ziada, kwa hiyo ni mara moja tu kwa zamu. Zamani aliliongeza kila upanga ulipompata adui. Mganga yeye anachekelea: uchawi wa kuponya umetoka dadu moja ya pande nane hadi mbili.

Kosa kubwa ni kuchanganya matoleo. Mwaka 2014 nyongeza za alama za uwezo zilitoka kwenye jamii ya mhusika (kama binadamu au kibeti), 2024 zinatoka kwenye historia yake (maisha yake kabla ya safari). Ukichukua zote mbili, umezihesabu mara mbili. Futa za zamani kwanza, ndipo uandike mpya.

Kuhusu gharama, pakueni SRD 5.2, hati rasmi ya kanuni za msingi za toleo jipya, ni bure kihalali. Ina tawi (njia ya kubobea) moja tu kwa kila aina ya mhusika, kama paladini, basi mwenye tawi lingine abaki na kurasa zake za zamani. Stationari chapeni kurasa mnazotumia tu.