Mrejesho: zile linki zangu za vitu vya kushona

Aksanti sana bandugu. Mwezi uliopita niliuliza kama ni haki mimi, nashona pagne (vitambaa vyetu) huku Katuba, Lubumbashi, kwa kupenda tu, kupata makuta, ni kusema pesa, mtu akinunua kitu kupitia linki ninayoweka kwenye blogu yangu. Mulisema niseme wazi, na njo nilifanya. Sasa kila andiko, mbele ya linki yenyewe si kule chini, nimeweka "ukinunua hapa napata komisyo, bei yako haiongezeki". Kumbe Amazon yenyewe, lile duka la mtandaoni linki zinakoenda, inalazimisha useme, na kitu lazima kiingie kwenye kapu ndani ya masaa 24 tangu mtu abofye linki, ikipita hapo hupati.

Makasi ambayo sikuwahi kushika nimeyafuta, roho ilikuwa inanisumbua kuyasifu. Sindano namba 14 nimeiacha ibaki, nashonea pagne ya wax kila siku na haijanivunjikia. Matangazo nimeyaandika juu "tangazo", ila AdSense, ile ya Google inayoweka matangazo, inalipa ukifikisha dola 100, niko 11.

Juzi mama mmoja wa kwetu anayeishi Liège, Ubelgiji, aliniandikia, "mwanangu, juu umesema ukweli, ntapitia kwako". Nilisoma mara tatu.